Marudio ya Kiingereza: Rudisheni Kitabu Mezani

Ikifika Oktoba, shule za sekondari nchini Tanzania hubadili mwendo. Prepu huongezewa muda, vikundi vya diskasheni hutafuta vivuli vya miti, na ubao hujaa maswali ya pepa za miaka iliyopita. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne huwa Novemba, na Kiingereza ni somo ambalo hakuna mtahiniwa anayeweza kulikwepa. Ndani ya somo hilo moja kuna mambo manne yanayodai kurudiwa: vitabu vya fasihi, mashairi, msamiati na sarufi.

Kwenye maduka ya steshenari jirani na shule, mambo hayo manne yanauzwa yakiwa yamekwisha kukatwakatwa. Kuna kitini cha sarufi chenye kanuni na majibu. Kuna orodha za misamiati na nahau. Na kuna pamfleti inayochambua vitabu vyote vilivyoorodheshwa, kila kimoja kwa kurasa chache: mwandishi, wahusika, dhamira, migogoro, ujumbe, basi. Mwanafunzi huinunua, huibukua usiku kucha, na mara nyingi huingia kwenye chumba cha mtihani akiwa hajawahi kukifungua kitabu chenyewe.

Hilo ndilo tatizo kubwa la marudio ya Kiingereza katika sekondari zetu, na linastahili kusemwa waziwazi. Fasihi inarudiwa bila kitabu, ushairi unarudiwa bila sauti, msamiati unarudiwa bila sentensi, na sarufi inarudiwa bila mtu wa kuisema. Ukiyatenganisha hivyo, kila moja linakuwa mzigo wa kukariri. Ukiyarudisha ndani ya ukurasa mmoja wa tamthilia au beti chache za shairi, yanasaidiana.

Muundo wa mtihani wenyewe unachangia. Katika pepa ya Kiingereza, baada ya ufahamu, sarufi na utungaji, mtahiniwa hukutana na insha za fasihi. Orodha ya vitabu huchapishwa humo humo ndani ya karatasi ya mtihani, naye huchagua viwili na kuvitumia kujibu swali kuhusu dhamira fulani: nafasi ya mwanamke, mgongano wa mila na usasa, rushwa, ndoa za kulazimishwa. Maswali ya namna hiyo ni mapana. Mtu anaweza kuandika kurasa mbili kuhusu mahari bila kuthibitisha kwamba alisoma hata onyesho moja la tamthilia. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, yenye vipande vya majibu yao kwa mwandiko wao wenyewe, mazuri na mabaya. Sababu za kufanya vibaya zinazotajwa humo zinajirudia: kutoelewa swali linataka nini, umilisi mdogo wa lugha, na ujuzi finyu wa vitabu. Taarifa hizo ziko wazi kwa kila anayetaka kuzisoma, na mwalimu anayepanga marudio angefaa kuanza nazo kabla hajagusa pepa yoyote ya zamani.

Umilisi mdogo wa lugha si habari mpya. Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mtoto anapoingia Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na Bill Dodd, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Miaka michache baadaye, kwa msaada wa Uingereza, ulianzishwa mpango wa kuimarisha somo hilo, na tiba yake kuu ilikuwa vitabu vyepesi vya hadithi, vilivyopangwa kwa viwango ili mtoto apande ngazi kwa kusoma. Kusoma kwingi ndiko kulikoonekana kuwa dawa. Hadi leo wapo watu wazima wanaomkumbuka Hawa, dereva wa basi katika hadithi ya Richard Mabala, kwa sababu ndicho kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza walichokimaliza.

Chukua tamthilia iliyosomwa sana na Kidato cha Tatu na cha Nne, *Three Suitors: One Husband* ya Guillaume Oyônô-Mbia wa Kamerun. Pamfleti huimaliza kwa sentensi kadhaa: Juliette ni msichana msomi, baba yake ni mwenye tamaa, mwandishi anapinga mahari, Juliette ni mwanamapinduzi. Mwanafunzi hukariri hayo, na mtahini husoma jibu lilelile katika mamia ya vijitabu vya majibu.

Sasa kifungue kitabu. Juliette anarudi kijijini Mvoutessi kutoka shule na kukuta Ndi, mkulima kijana, amekwisha kutoa faranga 100,000 kwa ajili yake. Anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, na faranga 200,000. Ukoo unapiga hesabu haraka: mtumishi wa serikali ana cheo na ana marafiki wakubwa, kwa hiyo fedha za Ndi zirudishwe. Juliette anampenda Okô, mwanafunzi asiye na kitu. Hapigi kelele tu. Anazichukua zile faranga 300,000 zilizofichwa na baba yake, anampa Okô, na Okô anakuja kulipa mahari kwa fedha za wachumba wenzake. Wazee wanapokea, na ndoa inakubaliwa.

Hapo kuna swali ambalo pamfleti haiulizi. Je, Juliette ameishinda mila au ameitii? Mahari aliyoipinga imelipwa mpaka faranga ya mwisho. Tamaa ya baba yake haikuvunjwa, ilitumiwa. Mtu anaweza kusema msichana huyu ni mwerevu kuliko ukoo mzima, kwa kuwa amewashinda kwa silaha yao wenyewe. Mwingine akasema hakubadili chochote, maana binti wa mwaka unaofuata atauzwa vilevile. Diskasheni ya aina hiyo ikianza darasani, wanafunzi hurudi wenyewe kwenye kurasa kutafuta ushahidi: nani alisema nini, lini, mbele ya nani. Huko ndiko kurudia fasihi. Mtahini akikutana na insha iliyoandikwa na kijana aliyewahi kubishana hivyo, anaitambua mara moja, hata kama ina makosa ya sarufi.

Na makosa ya sarufi yenyewe yanapungua katika mabishano hayohayo. Tamthilia ni mazungumzo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akitaka kurudia kauli taarifa, anayo mamia ya sentensi zinazosubiri kugeuzwa: Mbia alisema nini, Juliette alijibu nini. Akitaka kauli ya kutendwa, fedha zinatolewa, zinafichwa, zinaibwa, zinarudishwa. Kila tendo lina mtendaji na mtendwa. Akitaka sentensi za masharti, anauliza tu: kama Okô angekuwa na fedha, ingetokea nini? Mwanafunzi anayejibu hilo anafanya zoezi la sarufi bila kujua, na kwa kuwa anajali jibu, anaikumbuka kanuni.

Kuna makosa ambayo Mswahili huyafanya kwa sababu zinazoeleweka. Kiswahili hakina vijineno *a*, *an* na *the*, kwa hiyo huachwa au hutiwa popote. Kiswahili hakimtofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye" wala katika kiambishi cha kitenzi, kwa hiyo Juliette huanza insha akiwa *she* na kuimaliza akiwa *he*. Haya hayaponi kwa kuandika kanuni mara kumi. Yanapona kwa kuandika kuhusu watu, aya baada ya aya, na kusahihishwa palepale.

Ushairi ndio unaoogopwa zaidi, na hofu hiyo inashangaza katika jamii iliyolelewa kwa mashairi. Kijana huyuhuyu anayetetemeka mbele ya shairi la Kiingereza amesoma *Wasakatonge* ya Muhammed Seif Khatib au *Malenga Wapya* katika somo la Kiswahili. Anajua dhamira ni nini, anajua taswira, takriri na tashibiha, anaweza kueleza mtazamo wa mshairi. Akihamia chumba cha Kiingereza anaviacha vyombo hivyo mlangoni, kana kwamba ni haramu kuvuka navyo. Shule nyingi zina sheria ya kuongea Kiingereza tu, na sheria hiyo ina nia njema, lakini katika kipindi cha ushairi mwalimu mwenye hekima huruhusu daraja hilo litumike.

Mfano mzuri ni "Building the Nation", shairi la Henry Barlow wa Uganda linalosomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Msemaji ni dereva. Anampeleka Katibu Mkuu wa wizara kwenye chakula cha mchana cha kikazi, anangoja nje, kisha anamrudisha. Ndani kuna kuku, mvinyo na aiskrimu. Njiani bosi anamuuliza dereva kama amekula, na dereva anajibu hapana. Bosi naye anadai hakula, na kwamba wote wawili wanaumia kwa ajili ya ujenzi wa taifa.

Kosa la kawaida katika majibu ni kudhani Barlow mwenyewe alikuwa dereva, au kwamba shairi linawasifu viongozi wachapakazi. Makosa yote mawili yanatokana na kusoma muhtasari badala ya shairi. Mtu akilisoma kwa sauti, hasa akipewa mwanafunzi mmoja awe dereva na mwingine awe Katibu Mkuu, darasa linaanza kucheka kabla ya mwisho, na kicheko hicho ndicho jibu la swali la kejeli. Baada ya hapo ndipo mwalimu anaweza kuwaonyesha ufundi: kila chakula mezani kimefungwa pamoja na jambo lisilo la chakula, mazungumzo matupu, vicheko, tabasamu za kujilazimisha. Mwanafunzi aliyesoma shairi la Khatib kuhusu wasaka tonge, wale wavuja jasho wanaobeba nchi huku wakilala na njaa, ataona haraka kwamba dereva wa Barlow ni ndugu yao. Akiandika ulinganisho huo kwa Kiingereza chake mwenyewe, hata cha kuungaunga, amepiga hatua kubwa kuliko aliyenakili orodha ya dhamira sita.

Shairi jingine ni "A Freedom Song" la Marjorie Oludhe Macgoye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1928, akahamia Kenya mwaka 1954 na kufanya nchi hiyo kuwa yake. Linamhusu Atieno, mtoto wa miaka minane anayefanyishwa kazi za nyumbani na ndugu zake bila malipo. Anaosha vyombo, anaamka alfajiri, analea watoto wa ndugu hao wanaokwenda shule. Shairi linaanza na wakati uliopo wa mazoea, ule ambao kitenzi cha Kiingereza huongezewa *s* mwishoni. Ni mada ya Kidato cha Kwanza, na bado watahiniwa wa Kidato cha Nne huikosea. Lakini katika shairi hili ile *s* ina kazi: inaonyesha kwamba kazi za Atieno hazina mwisho, leo kama jana. Anapokufa baada ya kujifungua, vitenzi vinahamia wakati uliopita, na tunaambiwa kwamba mazishini kulikuwa na nyama na sukari nyingi kuliko alivyopata kuvila maishani mwake. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini vitenzi vimehama hapo hatazisahau nyakati mbili hizo. Na wasichana wa darasa hilo, ambao baadhi yao wameishi na akina Atieno majumbani kwao, watakuwa na mengi ya kusema.

Walimu wakumbuke pia kuwaambia wanafunzi kwamba washairi ni watu waliokuwa na maisha. "Your Pain" liliandikwa na Armando Guebuza, mpigania uhuru wa Msumbiji ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo, kuanzia 2005 hadi 2015. Okot p'Bitek aliutunga kwanza *Song of Lawino* kwa Kiacholi, kisha akauleta kwa Kiingereza mwaka 1966. Taarifa hizo ni fupi, lakini zinampa kijana sababu ya kulitazama jina lililo chini ya shairi.

Kuhusu msamiati, Wole Soyinka ametuachia mwalimu wa kumtazama. Katika *The Lion and the Jewel*, Lakunle, mwalimu wa shule kijijini Ilujinle, anataka kumwoa Sidi bila kulipa mahari, na anambembeleza kwa maneno makubwa aliyoyaokota kwenye kamusi. Sidi hayaelewi, na hayamvutii. Baroka, chifu mzee, anaongea kwa maneno ya watu na kwa hila, na ndiye anayempata. Wanafunzi wengi wanarudia msamiati kama Lakunle: wanakusanya maneno mazito na kuyapachika kwenye insha wakiamini mtahini atashtuka. Mtahini hashtuki. Neno gumu lililokaa pasipo pake humpunguzia mtu alama, na neno jepesi lililokaa mahali pake humwongezea.

Njia yenye faida ni daftari dogo linalotembea na kitabu. Neno jipya linaandikwa pamoja na sentensi lilimopatikana, jina la aliyelisema, na sentensi moja ya mwanafunzi mwenyewe. Kisha linafuatwa na jamaa zake: kitenzi kikitokea, litafutwe jina lake na kivumishi chake, kwa maana uundaji wa maneno ni mada ya mtihani. *Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili* ya TUKI, iliyotoka 1996, inasaidia sana katika hatua ya kwanza. Hatua ya pili, ya kulitumia neno mara tatu au nne ndani ya wiki, haina kamusi.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya wamejaribu kulifunga jambo hili ndani ya mtihani wenyewe. Kiingereza cha KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, kina karatasi tatu na jumla ya alama 200, na lugha na fasihi vinafundishwa kama somo moja. Katika karatasi ya pili, yenye alama 80, ufahamu una alama 20, dondoo kutoka kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Swali la dondoo ndilo la kutazamwa. Mtahiniwa hupewa kipande cha kitabu na kuulizwa nini kimetokea kabla yake na nini kinafuata. Mtu ambaye hakusoma kitabu hana pa kujificha, na ndani ya dondoo hilohilo huulizwa pia maswali ya sarufi na maana za maneno. Hii haimaanishi kwamba Kenya hawana miongozo ya madukani, wanayo tele. Lakini swali lao linalipa aliyesoma, na vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule vina wateja kila mwaka. Watunga mitihani wa Tanzania wangefanya vyema kuongeza swali la aina hiyo katika sehemu ya fasihi.

Ni haki kusema kwamba walimu wengi wanaofundisha kwa pamfleti hawapendi kufanya hivyo. Shule ina nakala mbili za tamthilia na darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi. Vipindi havitoshi. Mzazi anaona bei ya kitabu halisi, anaona bei ya pamfleti inayobeba vitabu vyote, na anachagua anachokiweza. Hata hivyo nakala mbili si sifuri. Nakala moja ikiwa mbele ya darasa na wasomaji wanne wakipokezana sauti za wahusika, tamthilia kama ya Oyônô-Mbia inaweza kusomwa yote katika jioni chache za prepu. Shairi linatosha ubaoni. Na zoezi la kutafsiri, ambalo siku hizi limedharauliwa, halihitaji chochote zaidi ya karatasi: mistari kumi ya shairi la Kiingereza iende Kiswahili, kisha irudi Kiingereza bila kuchungulia, na mwanafunzi alinganishe. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963 akiwa Rais, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka huohuo aliotoa *Mabepari wa Venisi*. Mtu mwenye shughuli nyingi kiasi hicho aliona inafaa kukaa na ukurasa wa Shakespeare neno kwa neno, kisha akarudi tena baada ya miaka sita kuurekebisha.

Pepa za miaka iliyopita zina nafasi yake: zinamfundisha mtahiniwa kugawa muda na kuelewa swali linaamuru nini. Ziletwe mwishoni, wiki mbili tatu kabla ya mtihani, baada ya vitabu kusomwa.

Kwa wanaofanya mtihani mwezi ujao, muda uliobaki unatosha tamthilia moja na mashairi manne yakisomwa kwa sauti na kuandikiwa. Kwa walio Kidato cha Tatu, mwaka mzima uko mbele yao. Wazazi wao wakiulizana cha kuwanunulia likizo ya Desemba, wanunue vitabu viwili vya fasihi vilivyo katika orodha ya shule, wawaombe wawasimulie sebuleni yaliyomo, na wawaulize maswali mpaka waridhike.